Kesi ya MIFUMI: Nani Alishika Kipimo?

Mwombe mwanafunzi wa sheria pale Kampala akusimulie kesi ya MIFUMI, atakumalizia kwa pumzi moja: Mahakama ya Juu ya Uganda iliiacha mahari iendelee, ikakataza kuidai irudishwe ndoa inapovunjika. Jibu ni sahihi na kwenye mtihani atapata alama zake. Lakini hukumu yenyewe ni ndefu, ina sauti zaidi ya moja, na ndani yake kuna somo kubwa kwa yeyote anayejiuliza namna ya kulinganisha sheria za watu mbalimbali bila kuifanya Ulaya kuwa ndiyo mizani kila mara.

Nitasema mapema ninachokiona, msomaji apime njiani. Ile hoja iliyoiokoa mahari ndiyo yenye fikra za Kimagharibi zaidi katika hukumu yote. Na ile iliyokataza kurudisha ndiyo iliyo karibu zaidi na hesabu za wazee wenyewe. Wengi huisoma kinyume: wanadhani mahakama ilipoiacha mahari iliheshimu Uafrika, na ilipokataza kurudisha iliwatii Wazungu.

Ilivyofika mahakamani

MIFUMI ni shirika la kutetea wanawake lililoanzia Tororo, mashariki mwa Uganda. Kazi yake imekuwa kusaidia wanawake wanaopigwa majumbani, na kwa miaka mingi limekuwa likisema kwamba mwanamke aliyetolewa ng'ombe hushindwa kumwacha mume katili kwa sababu kwao hawana cha kurudisha. Mwaka 2001 liliendesha kura ya maoni Tororo kuhusu suala hilo. Mwaka 2007, pamoja na walalamikaji wengine, likafungua ombi namba 12 katika Mahakama ya Katiba chini ya ibara ya 137, ile inayomruhusu mtu yeyote kudai kwamba sheria au tendo fulani linavunja Katiba.

Madai yalikuwa mawili, na ni vizuri kuyatenganisha tangu mwanzo. La kwanza: kuifanya mahari sharti la ndoa ya mila kunaingilia ridhaa ya wanaooana, ambayo ibara ya 31 inailinda. La pili: kudai mahari irudishwe ili ndoa ihesabiwe kuwa imevunjika kunamnyima mwanamke usawa ambao ibara hiyohiyo inampa wakati wa kuingia katika ndoa, akiwa ndani yake, na wakati wa kutoka. Nyuma ya madai hayo zilisimama ibara za 32 na 33, zinazokataza mila na desturi zinazodhalilisha utu wa mwanamke, na ibara ya 2, inayosema kwamba mila ikipingana na Katiba, Katiba ndiyo inayoshinda. Mwanasheria Mkuu alipinga. Wakili mmoja naye akaomba aunganishwe kwenye kesi ili aitetee desturi.

Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ikalitupa ombi. Walalamikaji wakakata rufaa, ikawa rufaa ya kikatiba namba 2 ya mwaka 2014, na tarehe 6 Agosti 2015 majaji saba wa Mahakama ya Juu wakatoa uamuzi. Hukumu kuu iliandikwa na Jaji Jotham Tumwesigye. Jaji Esther Kisaakye alitofautiana na wenzake upande wa dai la kwanza, nitamrudia.

Mila kuletwa kortini kama mgeni

Kabla ya kufika kwenye mahari yenyewe, mahakama ilibidi ijibu swali ambalo msomaji wa kawaida hulipita haraka. Je, walalamikaji walipaswa kuleta mashahidi kuthibitisha kwamba desturi ya mahari ipo? Mahakama ya Katiba ilitaka ushahidi. Mahakama ya Juu ikasema hapana, jambo hili linajulikana na kila mtu nchini na jaji hana haja ya kuambiwa.

Fikiria jinsi hali hii ilivyo ya ajabu. Sheria ya kawaida iliyotoka Uingereza (common law), mawakili wa Kampala huitaja tu, na jaji huijua. Sheria ambayo bibi yake jaji aliolewa kwayo inaletwa kortini kama jambo la kigeni, ithibitishwe na mashahidi. Msingi wa utaratibu huo kwa eneo letu ni uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Kimani dhidi ya Gikanga ya mwaka 1965, kwamba sheria ya mila isiyojulikana sana wala kuandikwa lazima ithibitishwe na anayeitegemea. Wataalamu wa ulinganishaji huzungumza juu ya kulinganisha nchi na nchi. Hapa mpaka ulipita katikati ya nchi moja, na upande wa wengi ndio ulioitwa wa kigeni.

Kwa hiyo mahakama ilifanya vyema kusema tunaijua. Ila kujua huko kuna gharama yake. Jedwali la tatu la Katiba linataja jamii 65, baada ya marekebisho ya 2005. Mwaka 1995 zilikuwa 56. Zawadi za okwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa msichana, kwa Waganda, ng'ombe wa Karamoja, na makubaliano ya Teso si kitu kimoja. Jaji anaposema «sote tunaijua», desturi nyingi zinakusanywa zikawa moja, na zile tofauti ambazo mlinganishaji angezihitaji zinapotea mlangoni. Tutaona chini kwamba tofauti hizo ndizo zilizobeba jibu.

Kipimo cha 1902 na kipimo cha 1995

Jaji Tumwesigye alisema wazi kwamba hajui jamii yoyote Uganda inayoiita desturi hii kwa maneno ya kununua sokoni, na kwamba jina la Kiingereza linaloitaja kama bei lilitokana na wakoloni ambao hawakuelewa walichokiona. Akaikumbusha kesi ya Amkeyo.

Kesi hiyo inastahili kusimuliwa vizuri maana ndiyo shina la mambo mengi. Mwaka 1917 Jaji Mkuu Hamilton, katika eneo ambalo leo ni Kenya, aliulizwa kama mwanamke aliyeolewa kwa mila anaweza kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Sheria ya ushahidi iliyotumika ilikuwa ile ya India ya mwaka 1872, na ndani yake maneno ya siri baina ya mume na mke yalikuwa na kinga. Hamilton akaona kwamba uhusiano ule unafanana zaidi na kununua mke kuliko ndoa. Kinga ikaondoka. Yaani sheria iliyoandikwa kwa ajili ya India, na jaji wa Kiingereza, viliamua mjini Nairobi kwamba Mwafrika hana mke.

Miaka hamsini baadaye, Kampala ikajibu. Katika kesi ya Alai ya mwaka 1967 mwanamume aliyeshtakiwa kwa kuzini na mke wa mtu alijitetea kwamba mwanamke yule hakuwa mke kwa maana ya sheria, kwani aliolewa kwa mila. Jaji Mkuu wa Uganda wakati ule alikuwa Udo Udoma, Mnigeria. Alikataa utetezi huo: ndoa ya mila ni ndoa inayotambuliwa Uganda, na mke ni mke. Napenda sana kwamba aliyesema hivyo alitoka Nigeria. Ulinganishaji wa sheria wa aina hiyo, Mwafrika akimsomea Mwafrika mwenzake, umekuwepo muda mrefu. Haukuandikwa tu kwenye vitabu vinavyofundishwa. René David, mmoja wa mabwana wakubwa wa fani hii, mwaka 1964 alizigawa sheria za dunia katika familia kuu, kisha Afrika na Madagaska akaziweka huko mwishoni, pamoja na Uislamu, India na Mashariki ya Mbali, chini ya mitazamo «mingine». Na ni huyohuyo aliyeandika rasimu ya Kanuni ya Madai ya Ethiopia ya mwaka 1960, ambayo ibara yake ya 3347 ilifuta mila zote katika mambo inayoyagusa. Ukiitazama mila kama kitu cha mwisho wa kitabu, kuifuta kwa ibara moja hakukutishi.

Turudi Uganda. Amri ya utawala ya mwaka 1902 ilisema mahakama zitafuata sheria za wenyeji mradi haziendi kinyume na haki na maadili. Maadili ya nani, haikusema, kwa sababu haikuwa na haja ya kusema. Kifungu cha namna hiyo kingali kwenye sheria ya uendeshaji wa mahakama hadi leo, sasa kikitaja haki ya asili, usawa na dhamiri njema.

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapojikwaa. Wanakiona kifungu cha 1902, kisha wanaiona ibara ya 33 ya Katiba ya 1995 ikikataza mila zinazodhalilisha, wanasema ni kile kile kimevaa suti mpya. Sikubaliani nao. Kipimo cha 1902 kilishikwa na mtu aliyekuja kutawala, naye alipimia dhamiri yake. Kipimo cha 1995 kilitokana na Bunge la Kutunga Katiba ambamo wanawake wa Uganda waliketi na kubishana, na kinapimia utu wa mwanamke anayeishi chini ya mila hiyo. Zaidi ya hayo, ibara ya 126 inasema mamlaka ya mahakama yanatoka kwa wananchi na yatumike kulingana na maadili na matarajio yao. Jaji wa leo anayeandika kama Hamilton anavunja ibara hiyo, hata kama matokeo yake yanatupendeza.

Upande wa pili kuna kosa la wale wanaosema mila ni yetu, iachwe. Mila ipi? Mahmood Mamdani, aliyefundisha Makerere miaka mingi, alionyesha mwaka 1996 jinsi utawala wa kikoloni ulivyomkabidhi chifu kazi ya kutunga sheria, kuhukumu na kutekeleza, ukayaita yote hayo mila. Mahari haikusalimika. Wilaya ya Bukedi, ambamo Tororo ilikuwamo, ilikuwa na sheria ndogo ya mahari tangu 1950, yenye viwango. Desturi iliyofikishwa mahakamani mwaka 2007 ilikuwa imeshapita mikononi mwa maafisa wa wilaya, makarani na mahakama za wenyeji. Anayeitetea kama urithi safi wa mababu anatetea pia kazi ya karani wa mkoloni.

Hoja ya hiari

Sasa tuje kwenye uamuzi. Kuhusu dai la kwanza, wengi wa majaji walisema mahari haivunji Katiba. Sababu kubwa: mtu mzima ana hiari. Asiyetaka mahari anaweza kufunga ndoa ya bomani au ya kidini. Hakuna aliyelazimishwa kuchagua ndoa ya mila.

Isome sababu hiyo polepole. Inamfikiria mtu mmoja aliyesimama mbele ya meza yenye aina mbalimbali za ndoa, anachagua anayoipenda. Mtu huyo ni wa vitabu vya sheria ya mikataba. Ukimtafuta kijijini Tororo, Kumi au Lira, humpati. Makanisa mengi huuliza kwanza barua ya wazazi, na wazazi hawaandiki barua kabla ya ng'ombe kuonekana. Bomani nako binti atakwenda, lakini siku atakapofiwa na mtoto ndipo wakwe watakapouliza kama huyu ni mke au mpita njia. Hiari ipo kwenye karatasi, na hata kwenye karatasi ni ya mtu asiye na ukoo.

Ndiyo maana nasema hapa ndipo fikra za Kimagharibi zilipoingia zaidi, tena zikiwa upande wa kuitetea mila. Mahakama haikuuliza ndoa ya mila inafanya nini katika maisha ya watu wanaoifunga. Iliichukulia kama bidhaa mojawapo kati ya nyingi. Jaji Kisaakye aliliona tatizo hili kwa pembe yake: kuifanya mahari iwe sharti la ndoa ya mila kunagusa ridhaa ya mwanamke anayetaka kuolewa kwa mila hiyohiyo, bila yeye kuwa bei ya mapatano ya wengine. Kwa nini aambiwe aende bomani? Mila ni yake pia. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliye ndani ya desturi anayetaka ibadilike, na bahati mbaya alibaki peke yake.

Daftari

Dai la pili ndilo lililoshinda. Mahakama ilisema kudai mahari irudishwe ili ndoa ivunjike ni kinyume cha Katiba: kunamshusha mwanamke utu, kunamfanya abaki kwenye ndoa ya mateso kwao wakikosa cha kurudisha, na kunapuuza yote aliyoyachangia katika ndoa hiyo hadi siku ilipovunjika.

Hiyo sababu ya tatu ndiyo yenye uzito kwangu, na kuielewa inabidi tulifungue daftari. Siku ya mapatano mtu mwenye mwandiko mzuri hukaa katikati na daftari la shule. Anachora mstari kwa rula. Upande wa kushoto anaandika kilichotajwa: ng'ombe jike, fahali, mbuzi, gomesi ya mama, kanzu ya baba, blanketi la bibi, jembe, galoni ya mafuta ya taa, fedha kidogo za shangazi. Upande wa kulia anaandika kilichotolewa na kilichobaki. Wazee wa pande mbili wanatia saini, asiyejua kuandika anaweka dole gumba, na nakala ya pili inakwenda kwa wakwe. Kisha daftari linafungiwa sandukuni. Ndoa ikivunjika baada ya miaka kumi na tano, linatolewa, na hesabu inaanzia palepale ilipoishia. Mtama aliopalilia yule mwanamke hauko humo. Watoto, maji ya kila alfajiri, mama mkwe aliyemuuguza mpaka akafa, hakuna safu yao. Daftari linakumbuka jembe lililoletwa, halikumbuki aliyelishika.

Mahakama ilisema hesabu ya namna hiyo haikubaliki. Na je, wazee hawakulijua hilo? Walilijua, kwa kiasi. Katika jamii nyingi za wafugaji wa ukanda huu kulikuwa na makato: watoto waliozaliwa walipunguza idadi ya ng'ombe wanaorudi. Kwa Wanuer wa Sudan Kusini jambo hili limeandikwa tangu zamani, na kwa majirani zao wengi kanuni inafanana. Maana yake ndani ya mila yenyewe ilikuwapo kanuni kwamba mwanamke akiwa ameleta kitu katika nyumba, mume hawezi kudai kana kwamba hakupata chochote. Mahakama ingeweza kuianzia hapo, ikasema: kanuni hii ni yenu, nasi tunaipanua. Kwa sababu makato yalihesabu watoto tu, na mwanamke tasa, aliyefanya kazi ileile, kwao walidaiwa deni zima. Kupanua hesabu kutoka watoto hadi kazi yote ni hatua ambayo mzee mwenye busara angeifuata bila kuambiwa kwamba mila yake imepigwa marufuku. Hukumu ilifika mahali hapo kwa njia ya ibara za Katiba peke yake. Imefika, lakini imemwacha mzee nje ya mazungumzo.

Kuna jambo jingine ambalo mahakama haikuliangalia kwa kutosha. Ng'ombe wa mahari hawakai. Binti akiolewa mwezi huu, kaka yake anaweza kuoa kwa ng'ombe walewale mwezi ujao. Dai la kurudisha likija, linagonga nyumba ya kaka, na likiendelea linagonga kwao mke wa kaka. Ndiyo maana baba humwambia bintiye arudi kwa mumewe hata akiona jicho limevimba: anaona nyumba tatu zikitikisika. Katiba iliona watu wawili, mume na mke, wenye haki sawa. Mila iliona mlolongo. Anayezilinganisha kwa haki lazima avione vyote viwili, maana ukatili kwa yule mwanamke ulipata nguvu zake kwenye mlolongo huo, na kukata kiungo kimoja kuliwafungua hata wanaume ambao hawakuwa kwenye kesi.

Na kiungo kilipokatwa, kazi mojawapo ikabaki bila mwenyewe. Kurudisha ng'ombe kulikuwa ndiyo tangazo kwamba ndoa imekwisha, na mara nyingi ndiko kulikoamua watoto watakaozaliwa baadaye ni wa ukoo gani. Sheria ya 1973 ya kusajili ndoa za mila inahusu namna ya kuandikisha ndoa. Sasa ikiwa ng'ombe hawarudi, ndoa ya mila inamalizika lini, na nani anashuhudia? Mahakama ya Juu haikutoa utaratibu wa kuziba nafasi hiyo.

Kwa Waislamu wa Bombo na kwingineko

Waislamu wa Uganda wanaosoma hukumu hii kwa Kiswahili huuliza haraka: na khului? Kwa sheria ya Kiislamu mke anayetaka kuachana na mumewe anaweza kurudisha mahari na kuachwa. Kisa cha mke wa Thabit bin Qays aliyerudisha shamba kinajulikana madrasani. Je, hukumu ya 2015 imeigusa?

Hapa ulinganishaji wa juujuu unapoteza watu. Ukiangalia tendo tu, yote mawili ni kurudisha mahari ili ndoa iishe. Ukiangalia nani anamiliki nini, ni vitu viwili mbali. Mahari ya Kiislamu ni mali ya mke, kama sura ya Nisaa inavyoamrisha wanawake wapewe mahari yao. Baba hana fungu. Mke anapojikhului anatoa kilicho chake, kwa ombi lake. Katika desturi iliyokuwa mahakamani mali iliingia kwa ukoo, mwanamke hakushika hata kamba ya mbuzi, lakini yeye ndiye anayezuiwa mpaka ukoo ulipe. Sababu alizozitoa Jaji Tumwesigye zinalenga hali hii ya pili. Hata hivyo, sheikh anayemwambia mwanamke aliyepigwa kwamba hatoki mpaka arudishe kila shilingi, bila kuuliza kosa ni la nani, ajue kwamba swali la utu aliloliuliza Jaji linaweza kubisha kwake pia, na fiqhi yenyewe ina majibu yake kwa mume anayemtesa mke ili ajikomboe.

Afrika Kusini na Kenya

Kama ningetakiwa kutaja nchi moja ambayo mahakama yetu ingefaidika zaidi kukaa nayo, ningetaja Afrika Kusini. Katika kesi ya Shilubana ya mwaka 2008, Mahakama ya Katiba ya kule ilikubali kwamba jamii ya Valoyi ina uwezo wa kuibadili mila yake na kumweka mwanamke kuwa chifu. Majaji hawakuuliza tu vitabu vya zamani vinasema nini. Waliuliza watu wenyewe wanafanya nini sasa. Wanaiita sheria ya mila iliyo hai. Kwa kipimo hicho, Tororo iliyopiga kura kuhusu mahari mwaka 2001 ilikuwa tayari inaongea kama mtunga mila, na sauti hiyo ingestahili kuwa nguzo ya hukumu.

Kenya nayo iko jirani kabisa. Sheria yake ya Ndoa ya mwaka 2014, kifungu cha 44, inasema pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya mila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Waiteso wako pande zote mbili za Malaba, wanazikana na kuoana kila mwaka. Mila moja, ukoo mmoja, na sheria mbili za nchi zinazoigusa mahali tofauti: Kenya imeigusa mlangoni pa kuingilia, Uganda pa kutokea. Mwanasheria anayetaka kulinganisha hana haja ya kwenda Paris. Apande bodaboda.

Mbele ya LC

Kesi nyingi za aina hii hazifiki Kampala wala hazina wakili. Chini ya sheria ya 2006, mahakama za LC, yaani za halmashauri za mitaa, zinasikiliza mambo ya mila, hadhi ya mwanamke katika ndoa ikiwamo, na zinasikiliza madeni pia. Hukumu ya 2015 imeandikwa kwa Kiingereza, na mwenyekiti wa LC aliyeisikia redioni anajua kwamba mahari hairudi. Anayedai anajua pia. Basi haji tena na neno mahari. Anakuja kudai ng'ombe watano wa deni.

Mwenyekiti afanye nini? Aulize chimbuko. Daftari liletwe mezani, tarehe zisomwe, saini zitambuliwe. Kama ng'ombe hao ndio waliotajwa siku ya mapatano ya ndoa, mlango umefungwa na Mahakama ya Juu, liitwe deni au liitwe jina lolote. Kama ni maksai aliyeazimwa na wakwe kulimia miaka mitatu baada ya harusi, huyo ni deni kweli, na aliyemwazimisha asikilizwe kama mdai mwingine yeyote, ndoa iwepo au isiwepo.